Dhahabu na Shahidi Wake

Neno sonara lilifika pwani kutoka Bara Hindi, pamoja na mafundi wenyewe. Dar es Salaam maduka yao yalijipanga katikati ya mji, hasa katika mtaa unaoitwa leo Indira Gandhi, mwendo mfupi kutoka Feri. Usafi wa dhahabu walikuwa wakiupima kwa jiwe jeusi laini. Pete ilisuguliwa juu yake ikaacha mstari. Kando yake ikasuguliwa sindano yenye ncha ya karati inayojulikana, kisha mistari yote miwili ikatiwa tindikali. Uliofifia mapema ndio uliokuwa na mchanganyiko zaidi. Jiwe peke yake halikuamua lolote. Shahidi alikuwa sindano, na ikiwa mbovu, sonara alikosea pamoja na mteja wake.

Karati huonyesha kiasi cha dhahabu safi: karati 18 ni sehemu 750 katika 1,000, kiwango kilekile cha sarafu za rupia 15 ambazo Wajerumani walizifua Tabora mwaka 1916 kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke.

Siku hizi, kwa masonara na katika masoko ya madini yaliyoanza kufunguliwa nchini mwaka 2019, la kwanza likiwa Geita, hutumika mashine ya XRF. Huipiga dhahabu kwa eksirei, na kila metali hujibu kwa nishati yake: shaba karibu kiloelektronivolti 8, dhahabu 9.7, fedha 22. Lakini mashine huchepuka. Tyubu ya eksirei huchoka, joto hubadilika, na namba huendelea kuonekana kwenye skrini kana kwamba hakuna kilichotokea.

Ndiyo maana huhitaji vipande viwili. Cha kwanza ni cha kufuatilia mwenendo wake: si lazima ijulikane kina nini, mradi kisibadilike, ili jibu lake la leo lilinganishwe na la siku mashine ilipopangwa. Cha pili ni sampuli rejea yenye cheti, iliyo karibu na kinachopimwa. Ya karati 22 haifai kuisahihisha dhahabu ya karati 9. Kipande cha 750 kikisomeka 742, kazi isimame. Kosa hilo ni gramu 8 kwa kila kilo, na mara nyingi hasara humwangukia mchimbaji mdogo.

Hata mashine iliyopangwa vizuri husoma ngozi ya juu tu. Sonara wa jiwe alilijua hilo, akaikwangua pete kwa tupa kwanza. Panapotokea ubishi, dhahabu huyeyushwa na risasi katika kikombe cha majivu ya mifupa, fedha huondolewa kwa tindikali, na kinachobaki hupimwa uzito. Mizani ya dhahabu ya biashara nayo hukaguliwa kila mwaka na Wakala wa Vipimo.