Uvimbe mkubwa tumboni: Kwa nini dawa hutangulia kisu

MGONJWA aliyegunduliwa kuwa na uvimbe mkubwa tumboni hutamani uondolewe siku iyo hiyo. Jamaa zake nao hushangaa daktari anapoagiza vidonge vya miezi kadhaa kabla ya upasuaji. Hata hivyo, kwa aina ya saratani iitwayo GIST, kungoja huko ni sehemu ya tiba wala si uzembe.

Saratani ya kawaida ya tumbo huanzia kwenye utando wa ndani. GIST huota ndani ya ukuta wenyewe na yaweza kukua kimyakimya hadi kupita sentimita 10, ikagandamana na wengu au kongosho.

Mwaka 1998, watafiti wa Japani walibaini kwamba uvimbe huu aghalabu husababishwa na hitilafu katika jeni iitwayo KIT, inayozifanya seli zigawanyike bila kikomo. Dawa ya imatinib, iliyotumiwa kwanza kutibu saratani ya damu, huzuia hali hiyo. Marekani iliidhinisha itumiwe kutibu GIST mwaka 2002.

Kwa kawaida mgonjwa humeza miligramu 400 kila siku, pamoja na chakula na maji mengi. Huenda akapata kichefuchefu au akavimba kando ya macho.

Uvimbe ukinywea, daktari aweza kukata sehemu ndogo ya tumbo badala ya kuliondoa lote. Isitoshe, uvimbe mkubwa hupasuka kwa urahisi. Ukipasuka wakati wa upasuaji, seli za saratani hutawanyika na ugonjwa huelekea kurejea.

Lakini tiba hii haimfai kila mtu. Sharti kwanza kipande cha uvimbe kipimwe katika maabara, ikiwemo jeni zake, kwa kuwa baadhi ya hitilafu haziisikii imatinib. Anayevuja damu nyingi au aliyezibwa njia ya chakula huenda akahitaji upasuaji wa dharura.

Mgonjwa hupigwa picha za CT mara kwa mara. Uvimbe ukizidi kukua, mpango hubadilishwa. Mambo yakienda vyema, upasuaji hufanywa baada ya miezi 6 hadi 12.

Baada ya hapo, mwenye hatari kubwa ya kuugua tena hushauriwa kuendelea na vidonge, kwa jumla ya angalau miaka mitatu. Kuviacha kwa sababu tu maumivu yametoweka ni kuukaribisha ugonjwa upya.