MIFUMI: Kutoka Kijijini Tororo hadi Mahakama ya Juu

Ukitoka mjini Tororo, Uganda, kwenda Mbale, Mwamba wa Tororo ukiuacha nyuma, unapita Mukuju, gombolola wanakoishi Iteso wengi. Huku ng'ombe ndiye anayefunga ndoa, na kwa miaka mingi ndiye aliyemfungia mwanamke ndani ya ndoa hiyo. Mke akikimbia kipigo, baba yake alidaiwa mifugo ambayo ilikwisha kuuzwa, au ilikwisha kutolewa mahari ya kaka yake. Baba angeirudisha kwa kitu gani? Ilikuwa rahisi zaidi kumwambia binti arudi kwa mumewe.

Katika wilaya hii ya Tororo, mwaka 1994, ndipo lilipozaliwa shirika la MIFUMI. Jina lake ni la kijiji lilikoanzia. Likiongozwa na Atuki Turner, lilianza na maendeleo ya kijiji, elimu na afya, kazi ambazo mfadhili yeyote huzielewa upesi kwa kuwa jengo linapigwa picha na wagonjwa wanahesabika. Baadaye likafungua vituo vya ushauri kwa wanawake wanaopigwa majumbani, na huko suala la mahari halikuepukika.

Mwaka 2001 shirika liliwaita watu wa Tororo wapige kura kuhusu mahari, na wengi wakataka desturi irekebishwe. Mwaka 2004 likaitisha mkutano wa kimataifa mjini Kampala juu ya jambo hilohilo. Kisha, mwaka 2007, MIFUMI na wenzake 12 wakafungua shauri namba 12 katika Mahakama ya Katiba, wakidai kwamba mahari ya lazima na kurudishwa kwake vinavunja Katiba ya 1995.

Walishindwa. Machi 2010 majaji wanne kati ya watano walilitupa shauri hilo. Jaji Amos Twinomujuni peke yake ndiye aliyeona kwamba kudai mahari irudishwe ni kinyume cha Katiba. Wakakata rufaa. Tarehe 6 Agosti 2015 Mahakama ya Juu, katika hukumu iliyoongozwa na Jaji Jotham Tumwesigye, ilitamka kwamba kutoa mahari peke yake hakuvunji Katiba, lakini kumdai mwanamke au wazazi wake wairudishe ndoa inapovunjika ni batili, kwa sababu kunamvunjia mwanamke heshima na kumnyima usawa na mumewe.

Kutoka shauri hadi hukumu ilipita miaka minane. Hapa ndipo ninapowaheshimu zaidi wale waliotoa fedha. Shirika lilisaidiwa na wafadhili wa nje, akiwemo Comic Relief wa Uingereza, ambaye mfuko wake hujazwa na michango ya watu wa kawaida. Ruzuku nyingi ni za miaka miwili au mitatu, na mwisho wake huulizwa matokeo. Mwaka 2010 matokeo ya kuonyesha yalikuwa kushindwa mahakamani. Kazi ya kutetea haki haiendi kwa kalenda ya ripoti, na shirika lililokatiwa fedha mwaka ule lisingefika 2015.

Ng'ambo ya mpaka wa Malaba, ambako Iteso wengine wanaishi chini ya sheria za Kenya, Sheria ya Ndoa ya 2014 inasema kwamba pale mahari inapohitajika kuthibitisha ndoa ya kimila, kiasi kidogo cha ishara kinatosha. Ndugu wa kabila moja, mto mmoja katikati, na kila upande sheria imempunguzia ng'ombe uzito wake kwa njia yake.

Hukumu ya Uganda, hata hivyo, iliandikwa kwa Kiingereza, na wazee wengi wa ukoo hawajaisoma. Kwa hiyo wewe unayeisoma habari hii Mukuju, Nagongera au Busia, mpelekee mwenyekiti wako wa baraza la kijiji (LC1). Mwambie kwa lugha ya nyumbani: tangu 6 Agosti 2015, hakuna mzazi nchini Uganda anayeweza kulazimishwa kurudisha mahari ya binti yake.