Uzito wa Kurasa Katika Nchi ya Chai

Mwaka 1995 mambo mawili yalitokea bila kujuana. Marekani, Brendan Eich wa kampuni ya Netscape alibuni lugha ya JavaScript kwa siku kumi hivi za mwezi Mei. Nairobi, intaneti ilianza kuuzwa kwa yeyote mwenye laini ya simu na fedha. Ilipofika Kericho ilipitia waya wa simu, na modemu yenye kasi kuliko zote ilipitisha kilobiti 56 kwa sekunde. Kwa hesabu hiyo ukurasa wa kilobaiti 300 ulidai sekunde 43, laini ikiwa safi, jambo ambalo hakuna wa kuliahidi katika mji unaonyeshewa karibu kila alasiri.

Umbali nao ulikuwa wa ajabu. Mtu wa Kericho akimwandikia wa Nairobi anayetumia kampuni nyingine ya intaneti, barua pepe hiyo ilipandishwa setilaiti kilomita 36,000 juu, ikapita ng'ambo, ndipo ikarudi Kenya. Novemba 2000 makampuni ya intaneti yaliungana jijini Nairobi na kufungua kituo cha kubadilishana mawasiliano, KIXP. Telkom Kenya ikalalamika, mdhibiti akakifunga baada ya wiki mbili hivi, na hakikufunguliwa tena hadi Februari 2002. Mambo ya nchi yetu.

Katika saiba, yaani vibanda vya intaneti, mteja alilipa kwa dakika, kwa hiyo ukurasa mzito ulikuwa gharama yake, si ya mwandishi wa programu. Dawa ilikuwapo tayari. Mwaka 2001 Douglas Crockford alitoa JSMin, programu inayofuta katika msimbo wa JavaScript nafasi tupu na maelezo yaliyoandikwa kwa ajili ya binadamu. Zilizofuata, kama Closure Compiler ya Google ya 2009, zilifupisha hata majina yaliyo ndani ya msimbo: "uzitoWaMajani", lenye herufi 13, linakuwa "a", na likitajwa mara 200 zimeokolewa herufi 2,400. Kisha gzip, iliyokuwapo tangu 1992, hulibana faili kabla halijasafirishwa, na maandishi mara nyingi hubaki robo au theluthi. Kiwanda cha chai cha Litein au Kapkoros hufanya kazi ya namna hiyo: kilo nne na nusu hivi za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai.

Lakini aliyewapa wepesi watu wa Kericho na Bomet hakuwa mwandishi wa tovuti. Mwaka 2006 kivinjari cha Opera Mini kilitolewa kwa dunia nzima: seva yake ilipakua ukurasa, ikaubana, ndipo ikautuma kwenye simu ndogo ya vitufe. Bando la shilingi chache likadumu. Mwaka uliofuata, Machi 2007, M-Pesa ilikuja bila ukurasa wowote, kwa menyu ya kadi ya simu na ujumbe wa herufi 160, na hadi leo hakuna tovuti iliyoishinda mashambani kwa wepesi.

Kati ya Juni na Julai 2009 nyaya za intaneti za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilitua Mombasa, na watu wakadhani shida imekwisha. Waliojisahau ni waandishi wa programu. Mwishoni mwa 2010 ukurasa wa wastani duniani ulikuwa na kilobaiti 470 hivi. Leo umepita megabaiti 2, na katika skripti zinazopakuliwa kwenye simu, takriban theluthi haitumiki kabisa ukurasa unapofunguka. Kufupisha majina na kubana faili hakusaidii sana hapo. Lazima mtu akubali kufuta.

Mkulima wa Konoin, Bomet, bado hununua data kwa megabaiti. Wanaojenga tovuti za kaunti, vyuo na vyama vya ushirika wazijaribu kwanza kwa simu ya bei nafuu huko Mogogosiek, kabla ya kuzisifu kwenye kompyuta ya ofisini Nairobi.