Kofia ya mwale ya kroshia

Kofia ya mwale ni kofia nyepesi ya jua inayofumwa kwa kulabu, na mafundi wa Madagaska wanasifika sana kwa kazi hiyo. Uzi wake ni utando unaobanduliwa kwenye makuti machanga ya mwale, *Raphia farinifera*, ukaanikwa juani, kisha ukachanwa vipande vyembamba.

Fundi huanzia utosini kwa duara la mishono 6, akiongeza 6 kila mzunguko ili duara lilale bapa. Akiacha kuongeza, pande za kofia hushuka. Akiongeza tena, ukingo hutanuka na kutia uso kivuli. Vitundu kati ya mishono hupitisha upepo, jasho likakauka upesi.

Mkanda wa kichwani, unaobana paji la uso, ni bora ufumwe kwa uzi laini wa pamba.