Manyoya ya Bukoto

Siku moja kabla ya Krismasi nilichinja kuku kumi na wawili nyuma ya nyumba tunayopanga hapa Bukoto, oda za majirani. Kufika saa nane nyama yote ilikuwa imetoka. Manyoya yakabaki, yamelowa maji moto, beseni mbili. Nikayamwaga pembeni. Usiku mvua ikanyesha, mtaro ukaziba, maji yakaingia kwa jirani.

“Nnyabo, ikitokea tena, kuku hawa wataondoka,” mwenye nyumba akaniambia. Hakuwa anatania. Nanyi wenzangu wa Nakivale mnajua: huku mjini hatugawiwi kipande cha shamba. Kuku ndio karo ya watoto.

Ndiyo nikaanza kuulizia kuku wa Kampala walianza vipi. Zamani huko Buganda mwanamke alikatazwa kula kuku, hata yai. Alipika, wanaume wakala, yeye akabaki na kusafisha. (Wanaume, msicheke.) Halafu miaka ya 1970, chini ya Idi Amin, baada ya Waasia kufukuzwa mwaka 1972, maduka yakakauka na mshahara ukawa haununui kitu. Hata watu wa ofisi wakapanda mihogo uani na kufuga kuku, ingawa kanuni za mji hazikupenda mifugo. Ikaendelea hivyo, kwa kujificha nusu, mpaka mwaka 2006 jiji lilipotunga sheria ndogo za kilimo na mifugo mjini: fuga, lakini uwe na kibali. Mwaka huohuo Uganda ikatunga Sheria ya Wakimbizi, yenye haki yetu ya kufanya kazi. Nacheka kila nikifikiria: mkimbizi na kuku tuliingia kwenye sheria mwaka mmoja.

Sasa manyoya. Kule Ulaya, kabla nibu za chuma hazijatengenezwa kwa wingi Birmingham miaka ya 1820, watu waliandika kwa unyoya wa bata bukini, na neno lao la kalamu limetoka kwa neno la Kilatini la unyoya. Wa kuku ni mwembamba, haufai sana kwa kazi hiyo. Babu yangu kule Bukavu alikuwa na mmoja kwenye kofia, wa kusafishia masikio tu. Mito ya kulalia nilijaribu: manyoya yasipooshwa na kukaushwa vizuri yananuka, na watoto walikataa.

Kilichofaa ni udongo. Unyoya umetengenezwa na keratini, kitu kilekile cha nywele na kucha, na karibu asilimia 15 yake ni naitrojeni, chakula cha majani. Shida ni kwamba unaoza polepole, miezi mingi. Basi nachimba shimo, naweka manyoya, mavi ya kuku, majani ya ndizi, maji kidogo, nafunika kwa udongo mzito ili mbwa wasifukue. Nageuza kila baada ya wiki chache. Likiiva najaza magunia, napanda lengalenga, ile Waganda wanaita doodo.

Magunia sita sasa yamepanga mstari kando ya ule mtaro. Mwenye nyumba huja jioni kuchuma, haombi, na mimi sisemi kitu. Kibali bado sina.