Nuru Baridi: Tarehe ya Waya Uwakao Katika Usiku wa Halloween

Jua la tarehe 31 Oktoba linapokuchwa katika miji ya Marekani, na giza likaanza kutanda chini ya miti iliyokwisha kupukutisha majani, barabara ambazo mchana zilikuwa za watu wa kawaida hujaa viumbe vya kuogofya: maiti waliofufuka, wachawi, popo, majini na mifupa mitupu itembeayo. Miongoni mwa viumbe hivyo hupita mara kwa mara mtu aliyevaa nguo nyeusi tangu utosini hadi nyayoni, ambaye mwili wake hauonekani hata kidogo, ila mistari ya nuru ya kijani au ya samawati iliyofuata mbavu, uti wa mgongo na vidole, hata atazamaye kwa mbali hudhani kwamba mchoro umeiacha karatasi yake ukatoka kutembea. Mistari ile hufanywa kwa waya wa umeme unaowaka wenyewe kwa urefu wake wote, usio na balbu, usio na moto, na usiochoma mkono wa aushikaye. Tarehe ya waya huo yastahili kuelezwa, kwa sababu ndani yake zimekutana habari mbili za kale ambazo kwa muda mrefu zilikwenda mbalimbali: ile ya taa za usiku wa Halloween, na ile ya wanadamu waliotamani kuivaa nuru kama libasi.

Asili ya usiku huo ni Ireland na Uskoti, ambako Wakelti wa zamani waliadhimisha Samhain, mwisho wa mavuno na mwanzo wa nusu ya mwaka yenye giza, wakiamini kwamba katika saa hizo pazia baina ya walio hai na waliokufa huwa jepesi. Kanisa nalo liliweka sikukuu ya Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba. Katika karne ya 8 Papa Gregory wa Tatu aliwawekea watakatifu hao wakfu kanisa dogo ndani ya Basilika la Mtakatifu Petro mjini Roma, na katika karne iliyofuata sikukuu ikaenea, hivyo usiku wa kuamkia siku hiyo ukawa mkesha. Ada za kale hazikufa. Zilikaa ndani ya mkesha huo kama mgeni aliyepewa chumba. Watoto walizunguka nyumba kwa nyumba wamejigeuza sura, na mikononi walishika tanipu, yaani mzizi mnene wa mviringo, uliofukuliwa ndani, ukachongwa macho na kinywa, ukatiwa kaa la moto au kipande cha mshumaa. Njaa kuu ya Ireland ilipoanza mwaka 1845, ikawasukuma Waayalandi kwa malaki kuvuka Bahari ya Atlantiki, desturi yao ilivuka pamoja nao, na katika nchi mpya walikuta boga, tunda kubwa lenye nyama laini ya kuchongeka, ambalo kwa kazi hiyo ni bora kuliko tanipu mara nyingi.

Taa ya boga ilikuwa nzuri, na ingali nzuri. Walakini ilikuwa moto, na moto haujui sherehe. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya Dennison ya Massachusetts iliuza karatasi laini ya mikunjo pamoja na vitabu vya kuwafundisha watu namna ya kuipamba nyumba kwa Halloween na kujishonea mavazi ya karatasi hiyo hiyo, mavazi ambayo yalivaliwa katika vyumba vilivyowashwa mishumaa. Wachezaji wa jukwaani walikwisha kuijua hatari hiyo kabla ya watoto wa mitaani. Emma Livry, binti mcheza dansi wa Opera ya Paris, alishikwa na moto wa taa ya gesi katika mazoezi ya Novemba 1862, vazi lake jepesi likamteketea mwilini, akafa mwaka uliofuata baada ya mateso ya miezi minane. Huko Marekani nguo za watoto zilizofumwa kwa nyuzi za rayoni zenye manyoya, zikiwamo suruali za kuigiza wachunga ng'ombe, ziliwaka kwa kasi ya kutisha katika miaka ya 1940, hata Bunge likapitisha mwaka 1953 sheria ya kuzuia biashara ya vitambaa vishikavyo moto upesi. Kila nisomapo habari za watoto hao huona kwamba suala la nuru isiyochoma halikuwa suala la anasa hata kidogo.

Hamu ya kuivaa nuru, kwa upande wake, iliamka mara tu umeme ulipotulizwa ndani ya kioo. Mwaka 1882, katika Ukumbi wa Savoy wa London, uliokuwa umetangulia majengo mengine ya umma kuangazwa kote kwa umeme mwaka mmoja nyuma, wachezaji wa kike wa opera ya Iolanthe walitokea jukwaani na taa ndogo za mvumbuzi Joseph Swan nyweleni mwao, wamebeba betri zao migongoni. Mwaka 1883 Alice Vanderbilt, mke wa tajiri wa New York, alihudhuria dhifa ya mavazi ya kujigeuza akiwa amevaa gauni lililoitwa Nuru ya Umeme. Lakini aliyeitafuta nuru hiyo kwa moyo wake wote alikuwa Loie Fuller, Mmarekani aliyejipatia sifa Paris kwa kucheza na vitambaa vipana vya hariri chini ya taa za rangi. Aliposikia habari za radiumu, aliwaandikia Pierre na Marie Curie kuwaomba shauri la kutengeneza mabawa ya kipepeo yanayong'aa kwa madini hayo. Wataalamu hao walimweleza kwa upole kwamba jambo hilo haliwezekani, naye akawashukuru kwa kwenda kucheza nyumbani kwao. Hakukata tamaa, alijenga maabara yake mwenyewe, akajaribu chumvi zinazong'aa gizani, na mwaka 1904 akacheza dansi aliyoiita ya Radiumu. Radhi za Mungu zilimfunika kwa kunyimwa kile alichokiomba, kwa maana wasichana waliopaka rangi ya radiumu kwenye saa katika viwanda vya New Jersey na Illinois baadaye walilipa kwa mifupa ya taya zao na kwa maisha yao.

Jibu la ombi la Fuller lilitoka mahali ambapo hakupadhania. Mwaka 1907 Henry Joseph Round, Mwingereza aliyefanya kazi katika kampuni ya Marconi, alipitisha umeme katika kipande cha karborandamu akaona kinatoa nuru hafifu ya manjano, akaandika barua fupi gazetini, na dunia ikapita bila kugeuka. Oleg Losev wa Urusi aliichunguza nuru ya namna hiyo kwa makini katika miaka ya 1920. Ndipo mwaka 1936, katika Paris ile ile, Georges Destriau alipoutia unga wa salfaidi ya zinki wenye chembe za shaba ndani ya mafuta, akauweka baina ya mabamba mawili yenye umeme unaogeuka mwelekeo wake mfululizo, unga ukang'aa. Haukuwa na joto la waya mwekundu wa balbu, wala gesi iwakayo kama katika mirija ya neoni. Nguvu ya umeme iliusukuma unga wenyewe, nao ukairudisha nguvu hiyo kwa sura ya nuru.

Kwa muda mrefu ugunduzi huo ulikuwa mali ya viwanda. Katika miaka ya 1950 kampuni ya Sylvania ilifanya mabamba bapa yenye kung'aa. Mwaka 1960 magari ya Chrysler yalitolewa na saa za mwendo zilizoangazwa kwa unga huo. Wanaanga wa Apollo walizisoma tarakimu za kompyuta yao kwa nuru hiyo hiyo njiani kwenda mwezini. Na mwaka 1992 kampuni ya Timex ikaitia katika saa za mkononi. Lakini yote hayo yalikuwa mabamba.

Katika miaka ya 1990 kampuni ya Elam ya Jerusalem ndiyo iliyoligeuza bamba kuwa uzi, na hapa ndipo busara ya ufundi ilipo. Katikati ya uzi huo umo waya wa shaba uliopakwa ule unga. Juu ya unga huzungushwa nyuzi mbili ndogo mno, ambazo hazigusani na shaba ya ndani. Kisha yote huvikwa ala ya plastiki angavu, na juu yake ala ya pili yenye rangi. Umeme hutembea kwenye shaba na kwenye zile nyuzi mbili, na unga uliobanwa baina yao hung'aa pande zote. Rangi yake ya asili ni samawati inayoelekea kijani. Nyekundu na zambarau hupatikana kwa hisani ya ala ya nje. Betri mbili ndogo hazitoshi kuuamsha, kwa hiyo hutumiwa inveta, kisanduku kinachoingia mfukoni, ambacho hupandisha umeme wa volti 3 ukafika kiasi cha volti 100 na kuugeuza zaidi ya mara elfu kwa sekunde, huku kikitoa mlio mwembamba mithili ya mbu. Volti hizo zaweza kumshtua mtu akigusa ncha iliyo wazi, walakini mkondo wenyewe ni mdogo.

Waya huo ulipofika mikononi mwa watu wa sherehe, waliupokea kama waliokuwa wakiungojea. Katika jangwa la Black Rock, Nevada, wahudhuriao tamasha la Burning Man waliufunga kwenye baiskeli na makoti ili waonekane usiku. Na katika maandamano ya Halloween ya Greenwich Village, New York, yaliyoanzishwa mwaka 1974 na mchonga vinyago Ralph Lee, mbavu na mabawa ya nuru yalipata nafasi kando ya vikaragosi virefu vya karatasi na nguo. Mshonaji huushona waya juu ya kitambaa cheusi kwa uzi wa nailoni usioonekana, akijihadhari asiukunje kwa pembe kali, maana zile nyuzi ndogo zikikatika, sehemu yote iliyo mbele ya mkunjo huzimika. Akitaka kuunganisha vipande viwili hulazimika kuvua ala moja baada ya nyingine, kuzikunja nyuma nyuzi zisivunjike, kukwangua unga kwa kisu mpaka shaba iwe safi, ndipo alehemu. Ni kazi ya saburi, nami naistahi kuliko mavazi mengi ya dukani yaliyokuja na nuru yake tayari.

Nuru hiyo ina udhaifu ambao wauzaji aghalabu huunyamazia. Ni hafifu, wala haimulikii njia mtu. Chini ya taa kali za barabarani hupotea kabisa. Unyevu huudhuru unga, na jinsi inveta inavyougeuza umeme kwa kasi zaidi ndivyo waya unavyong'aa na ndivyo unavyochakaa upesi. Taa za LED, zilizo na mwangaza mkubwa na bei ndogo, zimeuondoa katika madirisha na vibaraza vingi. Hata hivyo mafundi wa mavazi hawajauacha, kwa kuwa LED hutoa nukta, na nukta zikipangwa hubaki nukta mpaka zifunikwe, ilhali waya huu hutoa mstari mmoja usiokatika, na mstari ndio mifupa, ndio mabawa, ndio utando wa buibui. Kadhalika haulifukuzi giza. Taa nyingi za karne yetu zimeushinda usiku hata usiku hauna tena la kutisha, na Halloween bila giza ni mkutano wa watu waliovaa nguo ngeni. Waya hafifu humlazimisha mwenye nyumba azime taa ya kibarazani ndipo kazi yake ionekane.