Sauti ya Watoto Iliyozaliwa na Karipio

Mwaka 1922 madaktari wa Marekani walikutana mjini St. Louis, wakagawanyika juu ya watoto. Mwaka uliotangulia Bunge la nchi hiyo lilikuwa limepitisha Sheria ya Sheppard-Towner, iliyoyapa majimbo fedha za kufungua kliniki za wajawazito na watoto na kuwatuma wauguzi majumbani. Baraza kuu la Chama cha Madaktari cha Marekani liliipinga vikali. Kitengo cha madaktari wa watoto, kilichokuwa ndani ya chama hichohicho, kikaiunga mkono hadharani. Kilikaripiwa, na vitengo vyote vikakatazwa kutoa msimamo vyenyewe.

Sheria ilikufa mwaka 1929. Kinyongo hakikufa. Juni 1930 madaktari 35 walikutana Detroit, katika Hospitali ya Harper, wakaunda American Academy of Pediatrics, chama chao wenyewe cha madaktari wa watoto. Isaac Abt wa Chicago akawa rais wa kwanza. Mwaka 1938 kilitoa mwongozo wa chanjo na magonjwa ya kuambukiza wenye kurasa 8 tu, ambao leo ni Kitabu Chekundu, msahafu wa fani hiyo.

Neno la chama hiki hufika hadi kitandani. Mwaka 1992 kilishauri watoto wachanga wasilazwe kifudifudi, bali chali au ubavu. Baadaye ubavu nao ukaondolewa. Katika miaka kumi hivi, vifo vya ghafla vya usingizini nchini humo vilipungua kwa takriban nusu, bila dawa wala mashine. Sijui ushauri mwingine wa kitabibu ulio rahisi hivyo na wenye tija kubwa kiasi hicho.

Kimewahi pia kupotoka. Mwaka 2010 kilitoa waraka uliodokeza kwamba huenda ingefaa madaktari waruhusiwe kuwachoma wasichana kidogo tu sehemu za siri, ili wazazi wahamiaji wasiwapeleke ng'ambo kukeketwa. Waliokuwa wakipambana na ukeketaji walikasirika, na walikuwa na haki: ungewapa mangariba kisingizio. Haikuchukua muda, chama kikaufuta waraka huo.

Jeraha la zamani zaidi lilikuwa la rangi. Mwaka 1939 Alonzo Smith na Roland Scott, madaktari Weusi wa Chuo Kikuu cha Howard, waliomba uanachama wakakataliwa. Walipokelewa mwaka 1945. Yaani chama kilichozaliwa kwa sababu waasisi wake walinyamazishwa na wenzao kiliwafungia mlango watu waliotibu watoto wale wale wa nchi ile ile. Scott alikuja kuwa miongoni mwa waliolifanya taifa hilo liutazame ugonjwa wa selimundu, ambao wazazi wa Kisumu na Mwanza wanaujua vizuri mno. Alifariki mwaka 2002. Chama kiliomba radhi rasmi mwaka 2020, kikaingiza katika katiba yake kifungu kinachokataza ubaguzi.